Kulika kwa Kisu cha Kukerezea Chuma

Mtu akitoka Barabara ya Dodoma kuingia Sombetini husikia milio ya namna nyingi: ya kuchomelea mageti, ya nyundo juu ya bati, na ya pikipiki zinazotengenezwa kando ya njia. Katikati ya milio hiyo upo mmoja mwembamba usiokatika, kama wa nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo. Huo ni mlio wa mashine ya kukereza chuma, nao hutoka katika karakana ya mjomba wangu, ambako mimi hushinda kila Jumamosi na siku za likizo. Watu wa mjini husema "kuchonga" chuma, wala hawakosei. Lakini neno la zamani la kazi hii ni kukereza, tangu mafundi wa pwani walipokuwa wakikereza miguu ya vitanda, nami nitalitumia neno hilo.

Kwa wasiopata kuiona, mashine yenyewe hufanya kazi kinyume cha kisu cha jikoni. Jikoni nyama hutulia na kisu ndicho kiendacho. Hapa chuma ndicho kinachozunguka, na kisu kimebanwa imara, kinasogezwa polepole ubavuni mwa chuma kikimenya maranda. Kisu hicho hakizidi urefu wa kidole changu. Ni kipande cha feleji chenye pembe nne, kimenolewa ncha moja kwa jiwe linalozunguka.

Nataka kueleza jinsi kisu hicho kinavyolika, na jinsi kompyuta inavyoweza kukisia kitakwisha makali lini. Sikulichagua jambo hili kwa kupenda hesabu. Nililichagua kwa sababu niliharibu shafti ya mtu.

Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati wa mavuno ya mahindi. Mzee mmoja wa Kisongo alileta shafti ya mashine yake ya kusaga, imelika pale inapokaa beringi, akataka achongewe mpya. Mjomba alimtafutia kipande cha ekseli kuukuu ya lori, maana chuma kipya ni ghali, akaifunga katika mashine akaanza kazi. Kipenyo chake kilikuwa milimita 50 na ushei. Mchana mjomba aliitwa kwenda kutazama pampu iliyoharibika, akaniambia, "Mjomba, baki na kazi, lakini usiguse mkanda." Mkanda ndio unaotoa mwendo. Ukiuhamisha kutoka gurudumu hadi gurudumu, chuma huzunguka mara 100 kwa dakika, au 125, au 160, au 200. Yeye alikuwa ameuacha kwenye 160.

Mzee alikuwa ameketi juu ya gunia, anatazama saa yake, kisha ananitazama mimi. Niliona haya. Nikazima mashine, nikauhamisha mkanda hadi 200.

Kwa dakika chache mambo yalikuwa mazuri mno. Maranda yalitoka marefu, yakageuka rangi ya buluu yenye kung'aa, nami nikayapenda hata nikatia moja mfukoni niwaonyeshe wenzangu. Kisha mlio wa nyigu ukawa mlio wa kukwaruza. Nilipopima kwa maikromita nikaona upande wa mwisho wa kazi ni mnene kuliko upande wa mwanzo kwa sehemu nane za mia za milimita. Sehemu nane za mia ni kama unene wa unywele mmoja, lakini beringi haipokei unywele. Badala ya kusimama nikakisogeza kisu mbele. Halafu nikaona kimekuwa butu, nikakitoa, nikakinoa, nikakirudisha. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukisogeza, safari hii kikala kupita kiasi. Beringi iliingia ikicheza kama pete ya mtu mzima katika kidole cha mtoto.

Mjomba aliporudi hakunipiga, wala hakunikumbusha ile methali ya haraka ambayo sote twaijua. Aliigharimia ekseli ya pili kwa fedha yake mwenyewe. Mashine ya Kisongo ikasimama siku mbili zaidi, na kina mama wa kule wakajitwika madebe yao kwenda kusagisha mbali. Mimi kwa wiki tatu nikawa mfagiaji wa maranda.

Jambo lililonisumbua ni hili. Kutoka 160 hadi 200 ni kuongeza mwendo kwa robo tu. Ingekuwa haki, nilifikiri, kisu nacho kife mapema kwa kadiri ya robo hivi. Mbona kilikufa mara moja? Nikaenda kumwuliza mwalimu wetu wa Fizikia, naye akanijibu kwa swali lingine, kama ilivyo desturi yake: "Kwanza niambie, kisu hufa kwa nini?"

Nilijibu kwamba chuma kigumu hukwaruza chuma laini. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno. Pale ncha inapogusa, eneo lenyewe ni dogo kama punje ya mtama, na mgandamizo ni mkubwa ajabu. Chuma kinachokatwa hukunjwa kwa nguvu na kuteleza juu ya uso wa kisu, na karibu kazi yote ya mota hugeuka kuwa joto mahali pale pale. Sehemu kubwa ya joto hilo huondoka na maranda, na ndiyo maana maranda humchoma mtu asiyevaa viatu. Linalobaki huingia katika kisu. Feleji ikipata moto huanza kulegea, chembe zake hung'olewa na chuma kinachopita, na chini ya makali hutokea ukanda mwembamba uliosuguliwa, unaong'aa kama kioo. Mafundi hupima upana wa ukanda huo. Shirika la viwango la dunia, ISO, katika kanuni yake namba 3685, limeweka kwamba kisu cha kukerezea huhesabiwa kuwa kimekwisha ukanda huo ukifika wastani wa milimita 0.3, ikiwa umelika sawasawa.

Kisu kinapolika hivyo, ncha yake hurudi nyuma kidogo kidogo, na chuma hubaki kinene. Huo ndio unywele wangu wa siku ile.

Sasa turudi kwenye robo. Swali hili aliliuliza kabla yangu Mmarekani mmoja, Frederick Winslow Taylor, alipoanza majaribio yake mwaka 1880 katika kiwanda cha chuma cha Midvale mjini Philadelphia. Alidhani atalimaliza upesi. Lilimchukua miaka 26. Yeye na wenzake waligeuza zaidi ya tani 350 za chuma kuwa maranda, wakaandika majaribio kati ya 30,000 na 50,000, na mwezi wa Desemba 1906 akayasoma matokeo mjini New York mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo wa Marekani. Katika safari hiyo ndefu yeye na Maunsel White, wakiwa katika kiwanda cha Bethlehem, walipata pia namna ya kuichoma feleji hata ikastahimili joto. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 watu walikiona kisu chao kikikata ilhali ncha yake imeiva nyekundu. Kisu cha mjomba ni mjukuu wa kisu kile.

(Taylor huyo ndiye aliyewasimamia vibarua kwa saa mkononi ili ajue kila mmoja anatumia nukta ngapi, na wafanyakazi wengi walimchukia. Mjomba nilipomsimulia habari hiyo alisema mtu huyo asingekanyaga karakana yake.)

Kanuni ya Taylor ni nyepesi kuandika. Chukua mwendo wa kukata, kwa mita kwa dakika. Zidisha kwa muda ambao kisu kitadumu, muda huo ukiwa umepandishwa kwa kipeo fulani. Jawabu halibadiliki, ukiongeza mwendo au ukipunguza, maadamu kisu ni kile kile na chuma ni kile kile. Kwa visu vya feleji ya namna hii kipeo hicho ni karibu moja ya nane. Ukiugeuza mlinganyo utaona maana yake: mwendo ukiongezeka, muda wa kisu hupungua kwa kipeo cha nane cha ongezeko hilo.

Naomba msomaji achukue kalamu. Robo zaidi ni 1.25. Izidishe kwa nafsi yake, upate 1.5625. Zidisha hiyo nayo kwa nafsi yake, upate 2.44. Zidisha tena mara ya tatu: inakaribia 6. Mara tatu za kuzidisha ndizo kipeo cha nane. Basi kisu ambacho kingedumu saa nzima kwenye 160, kwenye 200 hudumu dakika kumi. Mwalimu aliponiachia karatasi ile niliitazama muda mrefu.

Lakini kanuni hiyo inasema kiasi tu, haisemi sababu. Kwa nini nane? Wenzetu wa vizazi vya baadaye walilitafuta jambo hili. Mwaka 1953 Mwingereza John Archard alitoa mlinganyo wa kulika kwa vitu viwili vinavyosuguana: kiasi kinacholika hufuata uzito unaovigandamiza na umbali vinaoteleza, na hupungua kwa kadiri ya ugumu. Mwaka 1978 Eiji Usui na wenzake wa Japani walitoa mlinganyo uliohusu kisu chenyewe, na humo wakalitia joto, si kama kitu cha kuzidisha tu, bali ndani ya kipeo. Maana yake ni kwamba joto likipanda kidogo, kulika hupanda sana. Mimi nilikisia kwamba kwenye 160 ncha ya kisu cha mjomba ina joto la nyuzi 440 za Sentigredi, na kwenye 200 nyuzi 480. Ni makisio, sikuweza kupima. Kwa nyuzi 40 tu za ziada, mlinganyo wa namna ile, ukiwa na namba niliyochagua ili ukubaliane na Taylor, unatoa kulika kwa kasi karibu mara tano. Ongeza kwamba kwa kila dakika chuma kirefu zaidi kwa robo kinapita mbele ya kisu, nawe umefika kwenye sita. Basi kisu kile kiliuawa na moto, na mwendo ndio uliouwasha.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Kaka mmoja aliyepita katika shule yetu, ambaye sasa yuko Chuo cha Ufundi Arusha, alinionyesha katika kompyuta yake picha ya mwigo wa kukata chuma, ambao waundaji wa visu na wataalamu wa vyuo vikuu hutumia siku hizi. Ncha ya kisu na chuma kinachokatwa huchorwa, kisha mchoro hugawanywa kwa wavu wenye matundu madogo mno, maelfu kwa maelfu. Kwa kila tundu kompyuta hukokotoa mgandamizo, mtelezo na joto. Ikisha kupata hayo, hutumia mlinganyo kama ule wa Usui kujua kila sehemu ya kisu italika kiasi gani katika kipande kidogo cha wakati, nayo huikwangua picha ya kisu kwa kiasi hicho. Sasa kisu kimebadilika umbo. Kwa hiyo mgandamizo na joto navyo vimebadilika, na hesabu yote huanza upya. Picha niliyoiona ilikuwa ya rangi, nyekundu pale penye moto mwingi, na jambo lililonishangaza ni kwamba pale penye moto zaidi si kwenye makali hasa bali nyuma yake kidogo, juu ya uso ambapo randa hupita likisugua. Nukta chache za kukata zaweza kuichosha kompyuta kwa saa nyingi. Hata hivyo ni nafuu kuliko tani 350.

Kompyuta za shule yetu haziwezi wavu wa namna hiyo. Zinaweza majedwali. Kwa hiyo nilitengeneza mwigo wa kimaskini, kisu kizima nikakihesabu kuwa tundu moja. Kila mstari wa jedwali ni dakika moja. Safu ya kwanza ni joto, ya pili ni kiasi kinacholika katika dakika hiyo, ya tatu ni jumla. Na kwa kuwa ukanda uliosuguliwa ukipanuka nao husugua zaidi, niliweka kwamba kila sehemu moja ya mia ya milimita inayolika huongeza joto la dakika inayofuata kwa nyuzi moja. Namba ya mwisho, ile inayosema chuma hiki ni kikali kiasi gani, niliirekebisha ili kisu kidumu saa moja kwenye 160, kama kitabu cha mwalimu kilivyosema kwa chuma laini.

Jedwali lilinifundisha jambo kabla hata sijalijaribu. Katika dakika kumi za mwanzo kisu kililika milimita 0.03; katika dakika kumi za mwisho kililika 0.08. Mjomba amekuwa akisema miaka yote kwamba kisu "hufa ghafla", nami nilidhani ni maneno ya fundi. Kumbe moto huzaa kulika, na kulika huzaa moto.

Baada ya hapo nilikwenda kumwomba ruhusa ya kupima kisu cha kweli. Haikuwa kazi ndogo. "Kisu kimoja," alisema, "na kazi za wateja tu. Sikati chuma changu kwa ajili ya daftari lako." Basi nilikaa na simu nikiandika dakika, na kila kisu kilipopumzika nilikipeleka chini ya hadubini ya maabara ya Biolojia, nimeweka kando yake karatasi angavu yenye mistari ya milimita. Kwa njia hiyo naweza kukosea kwa sehemu mbili za mia, si zaidi sana. Mwalimu wa Biolojia aliniuliza kama kisu kile kina ugonjwa.

Mwigo ulisema dakika 60. Kisu kilikwisha kwa dakika 34.

Nilisikitika, nikadhani nimekosea jedwali. Nililipitia mara tatu. Kisha mjomba, bila kusimamisha mashine, akasema, "Kitabu chako kimesema chuma gani?" Nikamjibu, chuma laini. "Na hii ni nini?" Ilikuwa ekseli. Ekseli ya lori hutengenezwa kwa chuma kigumu zaidi, maana hubeba mzigo na kusokotwa maisha yake yote. Nilikuwa nimeijaza kompyuta habari za chuma ambacho hakikuwamo katika karakana. Nikabadili ile namba ya ukali hata mwigo nao ukatoa 34, nikauliza: je, tukipunguza hadi 125? Ukajibu kwamba kisu kitadumu dakika 245, yaani saa nne na zaidi, na kwamba baada ya dakika 120 kitakuwa kimelika 0.10. Wakati huu mjomba alikubali kuhamisha mkanda yeye mwenyewe. Dakika 120 zilikusanywa kwa siku nne. Hadubini ilionyesha 0.15.

Kosa hili lilikuwa la namna nyingine. Makali yaliyotoka sasa hivi kwenye jiwe ni membamba kama ukucha, na sehemu ile nyembamba humeguka katika dakika za kwanza kabisa, kabla kisu hakijatulia. Mwigo wangu haukujua hivyo; ulidhani kisu huanza kulika taratibu tangu mwanzo. Nilianzisha jedwali kwenye 0.04 badala ya sifuri, nikairekebisha tena ile namba ya ukali ili 34 ibaki 34, na kwa dakika 120 nikapata 0.13. Kati ya 0.13 na 0.15 hadubini yangu haiwezi kuamua.

Sasa ndipo nilipoweza kujibu swali la mzee wa Kisongo, ambalo lilikuwa: lini? Shafti kama ile huhitaji dakika 30 za kukata kwenye mwendo wa 160. Kutoa kisu, kukinoa, kukirudisha na kukilenga upya huchukua dakika 15. Nimempima mjomba mara nyingi, na mimi hunichukua zaidi. Kwenye 200, ekseli hukatwa kwa dakika 24, lakini kisu hakifiki hata dakika 6, basi yapasa kukinoa mara nne, na jumla ni dakika 84. Kwenye 160, karibu kila shafti inadai kunolewa mara moja: dakika 43. Kwenye 125, kukata ni dakika 38, na kunoa ni mara moja kwa shafti sita. Ukigawanya, jumla yafika kama 41. Kwenye 100 kisu hakilii kamwe, lakini kazi yenyewe ni dakika 48. Mimi niliyetaka kumwahisha mzee nilikuwa nimechagua njia iliyo ndefu mara mbili.

Tofauti ya 43 na 41 ni ndogo, nakubali, na mjomba aliicheka. Alipoona kwamba jiwe la kunolea litakula kisu mara moja kwa shafti sita badala ya karibu kila shafti, akaacha kucheka. Kisu hununuliwa kwa fedha, na kila kikinolewa hufupika.

Na jambo la kupendeza ni kwamba nilipolirudisha jedwali kwenye chuma laini, mwendo ulioshinda ulikuwa 160: dakika 37 na nusu, dhidi ya karibu 40 kwenye 125, na 60 kwenye 200. Huo ndio mwendo ambao mjomba ameuacha mkanda wake kwa miaka mingi, bila Taylor wala jedwali, kwa kuwa zamani kazi zake nyingi zilikuwa za chuma kipya kilicho laini. Ekseli kuukuu zilikuja baadaye, bei ilipopanda, na mkanda ukabaki pale pale.

Wazazi watakaosoma gazeti hili wasidhani haya ni mambo ya karakana moja tu. Shafti ya mashine ya kusaga, bomba la pampu ya kisima, boriti ya trela, vyote hupita chini ya kisu cha namna hii. Kule Hai nchi yetu ilijengewa kwa msaada wa Bulgaria kiwanda cha kuunda mashine za kukereza, Kilimanjaro Machine Tools. Na hapa Arusha ipo TEMDO, taasisi ya serikali ya kubuni mitambo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Kila penye mtambo kuna kisu kinacholika, na mtu anayepaswa kukisia kitafika jioni au hakitafika.

Nisiusifu mno mwigo wangu. Haujui kwamba maji ya sabuni yanayomwagiwa kisu yamekwisha katika kopo. Haujui kwamba mashine ya mjomba ni mzee na hutetemeka, wala kwamba shafti iliyowahi kuchomelewa ina kidonda kigumu mahali fulani, ambacho kisu kikikifikia humeguka papo hapo. Mjomba anavijua vyote hivyo. Husikiliza mlio, na hutazama maranda: yakiwa meupe au ya rangi ya nyasi kavu, ni salama, yakigeuka buluu, kisu cha feleji kinaungua. Lile randa zuri nililolitia mfukoni lilikuwa likinipigia kelele. "Kompyuta yako haina macho," aliniambia, nami nilijibu kwamba ni kweli, ila yeye naye huijua buluu ikisha kufika, na jedwali huijua kabla mkanda haujaguswa. Hakusema kitu. Kwa mjomba, kunyamaza ni nusu ya kukubali.

Juma lililofuata niliona ameandika kwa chaki juu ya kifuniko cha mkanda: EKSELI 125, LAINI 160. Chini yake ameacha nafasi. Mteja mmoja amempa kisu chenye ncha ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko feleji na huvumilia moto zaidi. Kwa kabaidi kipeo cha Taylor ni karibu robo, si moja ya nane, hivyo robo ya mwendo ikiongezwa, muda wa kisu hugawanywa kwa mbili na nusu tu, badala ya sita. Lakini kabaidi haipendi mtetemo, nayo ikimeguka hairudi. Mjomba anataka namba ya kuandika katika ile nafasi kabla hajakifunga kisu hicho katika mashine, na ameniambia niharakishe. Sijampa. Nahitaji hadubini, nayo iko mikononi mwa Kidato cha Nne mpaka wamalize mtihani wao wa Novemba.